Upande wa Kushoto wa Joho

Binamu yangu Hermínio hajui kushoto wala kulia. Ninalisema mapema kwa sababu wageni wengi hulijua hilo wakiwa wameshaloa. Ni mtu aliyezaliwa Torres, pale mto Mondego unapokaribia mji wa Coimbra. Mama yake alikuwa akifua mashuka ya wanafunzi juu ya mawe, na baba yake akishusha kuni kwa mashua. Mto huo anaujua jiwe kwa jiwe. Lakini ukimwambia "pinda kulia," atautazama kwanza mkono wenye saa, kisha ule usio na saa, halafu atapinda anakotaka yeye. Na siku akiivua saa, Mungu atuhurumie.

Kazi ya kuongoza wageni hakuichagua. Alikuwa akipaka rangi sahani katika kiwanda cha vyombo vya udongo hadi kiwanda kikafungwa. Akakaa nyumbani muda mrefu akimkera mkewe, akihamisha vyungu vya maua kutoka dirisha hili kwenda lile. Siku moja akarudi na mitumbwi mikuukuu ya plastiki juu ya tela lililopinda, akasema amepata kazi: atawapeleka watu Penacova, huko juu, na kuwashusha na maji mpaka Torres. Mimi akaniambia, "Gracinda, wewe utakaa mkiani, uokote watakaoanguka." Nikadhani ni utani. Nywele zimeanza kuwa nyeupe na bado ninaokota watu.

Siku zisizo za mto huwapandisha wageni mjini. Anaanzia chini, anawapitisha Ngazi za Vunja-Mgongo, ambazo jina lake halina uongo, wanatokea mbele ya Kanisa Kuu la Kale, wanapumua, kisha wanaendelea hadi kwenye ua wa Chuo Kikuu, chini ya mnara wa kengele. Yeye mwenyewe hakusoma pale hata siku moja. Lakini anavijua vitu vya pale kama mtu anavyoijua nyumba ya jirani aliyokuwa akitumwa chumvi utotoni, na anapenda sana kuwafundisha wageni adabu zetu. Kwetu mwanafunzi akiimba na gitaa mbele ya kanisa, hatupigi makofi. Makofi ni ya watu wa Lisbon. Sisi tunakohoa, tunasafisha koo, maana yake, "Kijana, wimbo wako umetukaba hapa kooni." Hermínio huwapanga wageni kwenye ngazi na kuwafanyisha mazoezi. "Kohoeni kwa heshima!" huwaambia. "Msikohoe kama mna mafua!"

Na anawaeleza habari ya majoho meusi ya wanafunzi. Joho halifuliwi, ukilifua umeifua bahati yako. Na mwanafunzi anapomaliza masomo, watu wake humrarulia upindo wa joho: ndugu upande wa kushoto, marafiki upande wa kulia, na mpenzi nyuma katikati. Mapenzi yakivunjika, mpasuko wa nyuma unashonwa na maisha yanaendelea. Mkasi ni mwiko. Unang'ata kitambaa kwa meno, ukipata pa kushika unavuta kwa mikono. Na katika familia zetu za mtoni, mpasuko wa mbele kabisa upande wa kushoto ni wa baba. Hermínio huyaeleza yote hayo vizuri, ila akisema "kushoto" huonyesha kulia, na wageni wanaandika hivyo hivyo.

Sasa, katika ukoo wetu mzima hapakuwahi kuwa na mtu wa kuvaa joho hilo hadi alipokuja Benedita, mtoto wake wa pekee. Mabibi zetu walifua mashuka ya wenye majoho. Benedita akalivaa. Siku aliyoandikishwa chuoni, Hermínio alinipigia simu akalia tu, akakata, akapiga tena akalia tena.

Wakati huo yeye na mama yake Benedita, Eulália, walikuwa wameshaachana. Eulália alikwenda kupima macho, na alipoanza kuona vizuri, mtu wa kwanza kumwona alikuwa muuza miwani. Ndivyo tunavyosema mtaani, yeye mwenyewe hucheka. Muuza miwani anaitwa Teodósio, mtu wa Setúbal, kusini huko, mpole, msafi, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Hermínio hakuwahi kumtukana. Aliniuliza mara moja tu, "Gracinda, kwani mimi nilifanya nini?" Nikamwambia sijui, labda ni vile vyungu vya maua. Akakaa akilifikiria jibu langu siku nzima, na mimi nikajuta kutania.

Basi mwezi wa Juni uliopita, Benedita akamaliza mtihani wa mwisho. Tulikuwa tunapakia mitumbwi, mimi na Hermínio na mume wangu Albano anayeendesha gari, simu ya Hermínio ikalia. Akaongea kidogo, akasema "sawa," akasema "sawa" tena, akaiweka mfukoni, akaanza kufunga kamba kwenye mtumbwi ambao ulikuwa umeshafungwa.

"Nani?" nikamwuliza.

"Benedita. Jumamosi baada ya mto niende Kanisa Kuu la Kale. Wanararua joho."

"Sasa si furaha hiyo? Mbona uso umeshuka hivyo?"

Akafunga fundo lingine. "Amesema, 'Lakini wewe baba usirarue. Teodósio atararua. Wewe njoo tu.'"

Albano akazima redio ya gari. Mimi nikahisi damu inanipanda.

"Ukamwuliza kwa nini?"

"Nilimwambia sawa."

"Sawa! Mtu anakuchoma kisu unamwambia sawa?"

"Alikuwa na haraka, Gracinda. Kulikuwa na kelele nyuma yake. Ningesema nini?"

"Ungesema, 'Mwanangu, mimi ndiye baba yako, meno ninayo.' Mpigie tena."

Hakupiga. Hermínio ni mtu wa namna hiyo, atabeba jiwe mgongoni wiki nzima badala ya kuuliza kama ni la kubebwa. Lakini nilimwona akiligeuzageuza jambo kichwani. Mara aseme, labda ni kwa kuwa Teodósio ndiye aliyekuwa akimpeleka shule mvua ikinyesha. Mara aseme, labda binti anaona aibu, wenzake baba zao ni mawakili, baba yake ananuka mto. Nikamwambia hilo la aibu aliondoe kichwani, Benedita siyo wa hivyo. Lakini hata mimi sikuelewa.

Jioni yake akasema, "Labda ni lile la kulabu."

La kulabu ninalikumbuka, nilikuwepo. Benedita alikuwa mwaka wa kwanza. Asubuhi moja alikuja mtoni kutusaidia, ametoka kwenye sherehe za wanafunzi moja kwa moja, joho jipya mabegani, halina hata vumbi. Hermínio akawa anavuta tela kwa nguvu zake zote. Mimi nikapiga kelele, "Vuta kushoto!" Akavuta kulia. Kulabu ya tela ikanasa upindo wa joho na Hermínio hakuona, akavuta tena. Tukasikia krrr. Joho la mwaka wa kwanza, limechanika urefu wa mkono mzima, wakati mpasuko hutakiwa kusubiriwa mpaka mwisho wa masomo. Benedita alilishika lile joho akalia. Hermínio akamwambia atampelekea fundi, litashonwa, halitaonekana. Benedita akamjibu, "Usiliguse!" Akaondoka kwa miguu mpaka mjini, na wiki ile yote hakuja. Baadaye akaja, akala, akacheka, na habari ya joho haikutajwa tena. Hermínio naye hakuthubutu kuiuliza.

"Mtu aliyeliharibu mara moja," akaniambia, "watamwachia aliharibu tena?"

Jumamosi ikafika. Hermínio alikuja amenyoa, ameweka shati jeupe na saa yake ndani ya pipa lisiloingia maji, ili akitoka mtoni abadilishe apande kanisani. Ile saa ningeiona mapema, ningesema neno. Sikuiona. Nilikuwa ninatazama mtu anayeshuka kwenye teksi pale Penacova, mwenye viatu vya ngozi, kofia ya majani na koti la kuelea alilolivaa kinyume.

Alikuwa Teodósio.

Hermínio akamtazama. Teodósio akamtazama. Mimi nikajishughulisha na makasia.

"Habari za asubuhi, Bwana Hermínio," akasema Teodósio. "Nimejiandikisha kama mgeni. Simu zangu hupokei."

"Simu zako sijaziona," akasema Hermínio, na masikio yakawa mekundu.

"Unajua kuogelea?" nikamwuliza.

"Setúbal tuna bahari, dada."

"Sikuuliza mna nini. Niliuliza unajua kuogelea?"

"Kidogo," akasema.

Wageni wengine walikuwa wameshakaa wawili wawili. Kiti kilichobaki kilikuwa kimoja tu, mbele ya Hermínio. Ningeweza kumchukua mimi. Kwa nini sikumchukua? Labda nilitaka kuona. Watu hao wawili hawakuwahi kukaa karibu kiasi hicho, na sasa mmoja anamwonyesha mwenzake mgongo na hawezi kukimbia.

Mto wa Juni ni mtulivu, maji safi, unaona mchanga chini, korongo wamesimama pembeni kwa mguu mmoja. Sauti husafiri juu ya maji. Niliukaribisha mtumbwi wangu kwao, nikajifanya ninawatazama ndege.

"Bwana Hermínio," akaanza Teodósio, "joho linararuliwaje?"

Kasia la Hermínio likasimama.

"Umekuja mpaka hapa kuniuliza mimi hilo?"

"Nimuulize nani? Eulália anacheka tu. Benedita ananiambia nitaona hapohapo. Mimi kwetu sikuona mambo hayo. Nimeambiwa nirarue nguo ya mtoto kanisani, mbele ya watu, nguo nzima isiyo na kosa. Sijalala vizuri."

"Unang'ata," akasema Hermínio. "Unang'ata upindo, halafu unavuta."

"Upindo wa wapi?"

"Kushoto. Mbele kabisa." Akalitia kasia majini tena. "Pale pa baba."

Maji yakapita. Teodósio akajaribu kugeuka, mtumbwi ukayumba, akajishika.

"Pa baba? Sasa wewe utararua wapi?"

"Mimi sirarui."

"Kumbe ni kweli umekataa!"

"Nimekataa? Mimi?"

"Si nimeambiwa nitararua mimi, na wewe hukutajwa? Nikajua umekataa kwa ajili yangu. Nikasema, niende nikamwombe radhi, nimwambie arudi, mimi nitakaa pembeni. Ndiyo maana nimekuja huku kwenye maji, na maji siyapendi."

"Mimi nimeambiwa nisirarue."

"Na nani?"

"Na Benedita."

"Kwa nini?"

"Si wewe ndiye unayekaa naye nyumba moja? Wewe niambie kwa nini!"

"Mimi sijui hata kidogo!"

Na mimi nyuma sikujua. Wote watatu tukawa tunaelea na hakuna aliyejua kitu. Nilikuwa nimekuja na hasira yangu tayari kwa ajili ya Teodósio, nimeitunza wiki nzima, na sasa sikuwa na pa kuiweka. Mtu aliyekuja kuomba msamaha kwa kosa asilolijua, unamgombezaje?

Kelele ya mkondo ikaanza kusikika mbele yetu. Pale chini ya Penacova mto unabanwa na mawe, na njia nzuri ni upande wa kushoto tu. Hermínio amepita pale miaka na miaka. Akapaza sauti, "Kulia! Pinda kulia kwa nguvu!" Teodósio, mtu mtiifu, akaupinda mtumbwi kulia kwa nguvu. Hermínio mwenyewe akaupinda kushoto kwa nguvu. Mtumbwi ukajizungusha, ukakaa kinyume na mkondo, ukagonga jiwe, na nikaona kofia ya majani ikielea peke yake.

Hermínio aliibuka kwanza. Akazama tena, akamtoa Teodósio akiwa amemshika koti, wakasimama wote wawili, maji kifuani. Haikuwa kina cha kumuua mtu. Nikafika, nikashusha pumzi, nikaanza kucheka. Kisha nikamwona Teodósio amefunika mdomo kwa mkono.

"Umeumia?"

Akatikisa kichwa.

"Umeng'oka jino?"

Akaondoa mkono. Hapakuwa na jino hata moja. Safu ya juu, safu ya chini, yote imekwenda na mto. Kumbe yalikuwa meno ya bandia, na mji mzima hatukujua.

Tuliyatafuta. Wageni wote walishuka mitumbwini, watu wazima kutoka nchi za mbali, wameinama wanapekua mchanga wa Mondego. Mmoja aliokota kijiko, mwingine kiatu cha mtoto. Hermínio alipiga mbizi hadi midomo ikabadilika rangi. Mwishowe Teodósio mwenyewe akasema basi. Akasema kwa sauti laini isiyo na kingo, mkono mdomoni, "Tuache. Kuna samaki ameshayavaa."

Hermínio akaniangalia kwa macho ambayo sijawahi kuyaona. "Gracinda," akaninong'oneza, "hivi nimefanya makusudi?"

"Wewe ndiye unayejua."

"Mimi sijui. Haki ya Mungu sijui. Nilisema kulia nikiwa nafikiri kushoto, kama siku zote. Au nilijua?" Akautazama mkono wake mtupu. "Saa yangu iko wapi?"

Nikamwambia iko kwenye pipa. Hakunisikia. Njia yote mpaka Torres alirudia maneno hayohayo, na Teodósio mbele yake akapiga kasia upande wowote alioambiwa.

Ngazi za Vunja-Mgongo tulizipanda jua likiwa bado kali. Hermínio kwenye shati jeupe, Teodósio kwenye suruali ya Albano iliyomfika juu ya vifundo, na mimi nyuma yao, mkiani kama kawaida. Mbele ya Kanisa Kuu la Kale watu wetu walikuwa wamekaa kwenye ngazi: wenzake Benedita kwenye majoho yao, Eulália kwenye gauni la kijani, na Benedita katikati, mrefu, mweusi wa joho, anang'aa uso. Kijana mmoja akapiga gitaa akaimba wimbo wa kuaga. Alipomaliza tukakohoa. Teodósio peke yake akapiga makofi, akajitazama mikono, akaiteremsha.

Marafiki wakaanza, upande wao. Meno, kisha mikono, krrr, kicheko. Eulália akang'ata wake upande wa ndugu, akavuta, akatema uzi, akasema kitambaa cha siku hizi ni kigumu kuliko mbuzi wa harusi yake. Akamtazama Hermínio aliposema hivyo, bila ubaya. Mbuzi wa harusi ile nilimpika mimi kwa mvinyo mwekundu, na ni kweli alikuwa mgumu.

"Sasa Teodósio!" akaita Benedita.

Teodósio akapiga hatua moja, mkono mdomoni.

"Njoo basi! Unaona haya?"

Akaondoa mkono, akatabasamu. Benedita akamtazama mama yake, mama yake akanitazama mimi, mimi nikamtazama Hermínio. Hermínio akatazama viatu vyake.

"Baba," akasema Benedita taratibu, "umemfanya nini?"

"Nilisema kulia," akasema Hermínio.

Hapo watu wa kwetu wote walielewa, wakaanza kucheka, na yeye hakucheka. Mmoja wa wanafunzi akasema kuna mkasi dukani hapo chini. Wakamzomea hadi akakaa. Eulália akasema atamng'atia mumewe yeye. Teodósio akatikisa kichwa. Akamwendea Hermínio, akamshika mkono wa shati, akasema kwa ile sauti yake laini, nasi tukamsikia vizuri kabisa, "Wewe ndiye uliyenizamisha. Wewe ndiye utakayening'atia."

Nilitaka kuingilia kati. Mambo mengine huvuka mpaka. Mtu ameambiwa asirarue joho la mwanawe, halafu apige magoti afungue njia kwa meno yake ili mwingine ararue? Nilipiga hatua, Albano akanivuta mkono.

Nilimwona Hermínio anataka kuuliza swali, lile la wiki nzima, liko midomoni kabisa. Halikutoka. Badala yake akapiga magoti kwenye ngazi, shati jeupe na yote, mbele ya binti yake, akaushika upindo wa joho. Akatazama mkono wenye saa. Akatazama mkono usio na saa. Akahesabu midomo ikicheza, kushoto ndugu, kulia marafiki. Kisha akasogea mbele kabisa, pale alipodhani ni pa baba, kwa uangalifu wote wa maisha yake, apapate sawasawa kwa ajili ya Teodósio. Akafungua mdomo.

"Hapo siyo!" akasema Benedita, akalivuta joho kwa nguvu.

Ningempiga kofi yule binti. Ninakiri. Hermínio alibaki amefungua mdomo, mikono mitupu mbele yake.

"Si nimekuambia usirarue?" akasema Benedita.

"Siyo mimi," akasema Hermínio. "Ni wa Teodósio. Ninampasulia njia tu."

"Wa Teodósio ni hapa, baada ya mama. Na pale mbele yake pana mwenyewe."

"Nani?"

Benedita akamtazama kama mtu anayeulizwa jina la mama yake. Akaugeuza upindo wa mbele, upande ule wa mama yake, akaufungua vizuri kwenye jua. Mpasuko ulikuwepo. Mrefu, wa zamani, umekwenda upande, siyo mnyoofu kama ile ya meno. Kingo zake zote mbili zilikuwa zimezungushiwa uzi mweusi, mshono mdogo mdogo wa mkono, ili usiendelee kuchanika wala usizibe.

"Huo ni wa kulabu," akasema Hermínio.

"Kulabu ya nani?"

Akaugusa ule mshono kwa kidole.

"Nilikasirika wiki nzima," akasema Benedita. "Halafu nikasema, wenzangu wote watararuliwa na baba zao wakiwa wamevaa suti, wanaombwa. Mimi baba yangu amelirarua kabla ya watu wote, akiwa kazini, anavuta tela. Nikakuambia usiliguse kwa sababu ulitaka kulishona! Miaka yote hii nimelivaa hivyo. Hukuona?"

"Niliona," akasema Hermínio. "Lakini huo mpasuko uko kulia. Upande wa marafiki. Nikasema hauna maana."

"Uko kulia kwako wewe, baba, ukisimama mbele yangu. Joho nimelivaa mimi. Kwangu ni kushoto."

Hermínio akautazama mkono wenye saa. Akamtazama binti yake. Akageuka nusu pale alipopiga magoti, akanyoosha mkono, akageuka tena, kama anayejaribu funguo. Kisha nikamwona amepaona. Uso wake wote ulifunguka, na mimi, ambaye niliapa sitalia mbele ya Eulália, nikalia mbele ya Eulália.

Kazi ilikuwa haijaisha. Akaishika sehemu ya baada ya Eulália, akang'ata. Aling'ata kwa nguvu hadi mishipa ya shingo ikasimama, akaupata uzi, akaachia, akampa Teodósio ncha mbili. Teodósio akavuta. Krrr. Ukatoka mnyoofu, mzuri, mrefu kuliko wa Eulália.

Hermínio alitaka kusema neno. Badala yake akakohoa. Akasafisha koo tena, kwa heshima, kama anavyowafundisha wageni, magoti bado yako kwenye jiwe na macho yako kwenye ule mpasuko wa kulabu. Ngazi nzima ikaelewa, wanafunzi wakaanza kukohoa mmoja baada ya mwingine, nami nikakohoa nikilia.

Teodósio peke yake ndiye hakuelewa. Alidhani mwenzake amekabwa na uzi. Akaruka, akamshika mabega, akaanza kumpiga mgongoni kwa kiganja, paa, paa, paa, akiita kwa sauti yake isiyo na meno watu walete maji haraka, na Hermínio akamwacha ampige.